Fedha ya Serikali, Kompyuta na Mwalimu

Mhariri wa sehemu ya Kiswahili ameniomba nieleze jambo ambalo wanafunzi huniuliza mara kwa mara: kwa nini serikali hutumia fedha nyingi kununua kompyuta za shule, na kwa nini katika shule nyingine kompyuta hizo hufungiwa kabatini hali watoto wanazitamani? Nimekubali kwa furaha. Mimi nilisoma katika shule hii, nikamaliza mwaka 2017, na sasa nafundisha jiografia hapa hapa Nkanka. Basi nimekaa kwenye dawati na nimesimama mbele ya ubao, na jambo hili nimeliona kwa macho yangu katika hali zote mbili. Tena mwaka huo huo wa 2017 Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Yafaa tuzoee kukitumia kwa mambo ya maana, si kwa kuulizana bei sokoni Kamembe tu.

Nitaanza na ziwa letu. Mtu aliyepata kukaa Nkanka jioni hahitaji kuambiwa jinsi sambaza wanavyovuliwa katika Kivu. Wavuvi huchukua mitumbwi mitatu, huifunga pamoja kwa miti mirefu, hutundika wavu kati yake, huwasha taa, kisha huteremsha wavu na kuuinua pamoja huku wakiimba. Mtumbwi mmoja peke yake hauwezi kazi hiyo. Ukiondoa mmoja katika mitatu, wavu hulegea na samaki huenda zao.

Kompyuta za shule nazo zataka mitumbwi mitatu. Wa kwanza ni vyombo vyenyewe. Wa pili ni umeme, intaneti na matengenezo. Wa tatu ni mwalimu aliyefundishwa. Fedha ya serikali huweza kununua wa kwanza kwa siku moja. Wa pili huchukua miaka kadhaa. Wa tatu haununuliwi mara moja ukaisha. Hulipiwa kila mwaka. Hilo ndilo neno langu lote, na yafuatayo ni maelezo yake.

KOMPYUTA ZA KIJANI NA NYEUPE

Mwaka 2010 nilikuwa darasa la tano la shule ya msingi. Jina la shule hiyo nitaliacha. Siku moja gari lilileta maboksi, na ndani yake mlikuwa kompyuta ndogo za rangi ya kijani na nyeupe, zenye masikio mawili ya kunasa mawimbi na vitufe vya mpira visivyoingia maji. Tulipiga makofi hata mikono ikauma. Mwalimu mkuu alitueleza kuwa ni mali ya serikali, kisha akazifungia kabatini. Katika mwaka mzima nilishika moja mara nne. Mwalimu wetu, mzee mwema aliyetufundisha hesabu vizuri kabisa, hakuwa amepata kushika kompyuta kabla ya siku ile. Aliogopa tusije tukaiharibu akadaiwa, na mimi leo simlaumu. Nani angependa kulipa kitu cha thamani kupita mshahara wake kwa kosa la mtoto mmoja?

Kompyuta zile zilitokana na mpango uitwao One Laptop per Child, uliotangazwa ulimwenguni mwaka 2005 na Nicholas Negroponte wa Marekani. Alikusudia kila mtoto wa nchi maskini apate kompyuta yake kwa bei ya dola 100. Zilipotoka kiwandani bei ilikaribia dola 200. Hata hivyo Rwanda ilikubali mapema. Ilifanya majaribio mwaka 2007, ikaanza ugawaji mwaka uliofuata, na kufikia 2014 kompyuta zaidi ya 200,000 zilikuwa zimegawiwa kwa shule zaidi ya 400. Si zote zilizolipiwa na serikali, lakini nyingi zililipiwa. Zidisha mwenyewe uone fedha iliyotumika.

Katika mpango huo Peru ndiyo iliyochukua nyingi kuliko nchi zote. Mwaka 2012 Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika ilitoa uchunguzi uliofanywa katika shule za msingi za huko. Wachunguzi walilinganisha shule zilizopewa kompyuta na shule zisizopewa, wakapima watoto kwa hesabu na kusoma. Hawakuona tofauti katika masomo hayo mawili. Watoto wenye kompyuta walionekana wametangulia kidogo katika mitihani ya akili ya jumla, na si haba, lakini hesabu na kusoma vilikuwa pale pale. Kompyuta ilikuwa imefika. Namna ya kufundisha haikubadilika.

FEDHA INAVYOSAFIRI

Wanafunzi wengi hudhani kuwa fedha ya serikali ni fungu moja lililowekwa mahali pamoja, na mkubwa fulani hulifungua apendapo. Sivyo. Hapa Rwanda mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na huisha tarehe 30 Juni. Bunge hupitisha bajeti, kisha fedha ya elimu hufuata njia mbalimbali.

Njia ya kwanza ni ya manunuzi makubwa. Kompyuta na projekta hununuliwa Kigali kwa ajili ya nchi nzima, kisha hugawiwa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu 2015, kampuni ya Positivo BGH ilipoanza kuunganisha kompyuta Kigali na serikali ikaahidi kununua nyingi kila mwaka. Hapo mawazo ya kompyuta moja kwa kila mtoto wa shule ya msingi yaliachiwa nafasi mawazo mengine, yaani chumba maalumu katika shule ya sekondari, chenye kompyuta 50 hivi, projekta na intaneti, ambacho madarasa yote hukitumia kwa zamu. Nadhani huo ulikuwa uamuzi wa busara. Chumba kimoja ni rahisi kukilinda, kukitia umeme na kukitengeneza kuliko vitu mia vilivyotawanyika.

Njia ya pili hupitia wilaya. Mishahara ya walimu na ruzuku ya shule hupitia huko, kwetu sisi wilaya ya Rusizi. Ruzuku ni fedha inayotolewa kwa hesabu ya wanafunzi. Katika siku za mpango wa Elimu ya Msingi ya Miaka Tisa, ulioanza 2009, mwongozo uliigawa ruzuku hiyo mafungu matatu: asilimia 50 kwa kuendesha shule, yaani chaki, karatasi na mengineyo, asilimia 35 kwa majengo na matengenezo, na asilimia 15 kwa mafunzo ya walimu.

Sasa tufanye hesabu kwa mfano tu. Tuseme shule ina wanafunzi 800, na ruzuku ni faranga 3,500 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Jumla ni faranga 2,800,000. Asilimia 15 ya hiyo ni faranga 420,000. Ikiwa walimu ni 25, kila mmoja ana faranga 16,800 za kujifunzia kwa mwaka mzima. Ondoa nauli ya kwenda mjini na kurudi, ondoa chakula cha siku tatu, utaona kilichobaki. Kisha tuseme kompyuta moja ni faranga 250,000. Kompyuta 50 ni faranga 12,500,000. Basi katika shule hiyo ya mfano wetu chumba kimeletewa vyombo vya thamani karibu mara 30 ya fedha ya kumfundisha mwalimu atakayevitumia.

Mtu atauliza: je, serikali haioni? Huona, lakini yafaa tufahamu ugumu wake. Kompyuta ni manunuzi ya mara moja. Huhesabika, hupigwa picha, na nchi rafiki au benki hupenda kusaidia kitu kinachohesabika. Mafunzo ya mwalimu ni matumizi ya kila mwaka, na matokeo yake hayaonekani upesi. Tena mwalimu aliyefundishwa huweza kuhamishwa, au kupata kazi mahali pengine. Waziri yeyote wa fedha, katika nchi yoyote, huona rahisi kuahidi vyombo 1,000 kuliko kuahidi saa 1,000 za mafunzo kwa muda wa miaka kumi. Wala si haki kusema kuwa mwalimu amesahauliwa kabisa. Mwaka 2022 mishahara ya walimu wa shule za msingi wenye cheti cha sekondari iliongezwa kwa asilimia 88, na ya wenye diploma na shahada kwa asilimia 40. Mwalimu asiyefikiria deni la dukani usiku kucha huweza kufikiria somo la kesho.

MAJIRANI ZETU

Tutazame Kenya. Mwaka 2013 serikali mpya iliingia madarakani ikiwa imeahidi kompyuta kwa watoto wa darasa la kwanza. Ugawaji ulianza 2016 tu. Kwa nini miaka mitatu? Sababu moja ni kwamba maelfu ya shule za msingi hazikuwa na umeme, na ilibidi nguzo na nyaya zitangulie. Mtumbwi wa pili ulicheleweshwa, na wa kwanza ukangoja. Mwishowe vishikwambi zaidi ya milioni 1 vilifika shuleni. Lakini mtoto wa darasa la kwanza hawi wa darasa la kwanza milele, na chombo kina umri wake. Nchi iliyonunua mara moja itaulizwa baada ya miaka mitano: Je, na waliofuata?

Tanzania ilishika njia nyingine. Mwaka 2022 ilihesabu watu wake kwa vishikwambi badala ya karatasi. Sensa ilipokwisha, vyombo hivyo havikuachwa ghalani. Serikali ilianza kuwagawia walimu mwezi wa Novemba mwaka huo huo. Waona maana yake? Chombo kilianza kwa mwalimu kabla ya kufika kwa mtoto. Mwalimu akikaa nacho nyumbani, akaandikia barua, akasomea habari, akakosea na kusahihisha bila darasa zima kumcheka, hofu humtoka. Hilo ni funzo kubwa, ingawa kuwa na chombo mkononi si sawa na kufundishwa namna ya kukitumia darasani.

KUMFUNDISHA MWALIMU NI NINI?

Wengi hudhani kuwa kumfundisha mwalimu kompyuta ni kumwonyesha mahali pa kuwashia, pa kuandikia na pa kuzimia. Hayo ni ya siku ya kwanza. Shirika la UNESCO liliandika mwongozo wa ujuzi huu kwa walimu mwaka 2008, likausahihisha 2011 na tena 2018. Rwanda iliutumia mwongozo huo kutungia walimu wake mafunzo. Una ngazi tatu. Katika ya kwanza mwalimu hupata maarifa: aweza kutumia chombo katika somo lake la kawaida. Katika ya pili huyazamisha maarifa hayo: aweza kuwapa wanafunzi kazi ya kutatua jambo la kweli la maisha. Katika ya tatu mwalimu na wanafunzi huunda maarifa mapya wao wenyewe. Semina ya siku tatu huweza kumfikisha mtu ngazi ya kwanza. Hakuna semina ya siku tatu imfikishayo ya tatu.

Tena kuna mafunzo ya aina mbili, na yote yataka fedha. Ya kwanza ni ya kabla ya kazi, katika vyuo vya ualimu. Rwanda ina vyuo 16 vya walimu wa shule za msingi, na kimoja kipo katika wilaya yetu, huko Mururu. Kijana atokaye chuoni akiwa amezoea kompyuta huiona kama anavyoiona chaki. Ya pili ni ya kazini, kwa walimu walio darasani tayari, nao ndio wengi. Hawa ndio wanaosahauliwa, kwa maana hawakusanyiki mahali pamoja, na kila siku ya mafunzo ni siku ambayo darasa lao halina mwalimu.

Mimi mwenyewe nilipata aibu yangu. Nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha, kwenye shule nyingine ambayo pia nitaificha, nilitayarisha somo zuri la projekta. Nilipowasha kompyuta ikataka neno la siri. Nikauliza wenzangu; hakuna aliyelijua. Aliyelijua ni mwalimu mmoja tu, naye alikuwa amehamishwa muhula uliopita na namba yake ya simu amebadili. Kompyuta hamsini zilikuwa zimelala kwa ajili ya neno moja! Hazikuwa na ubovu wowote. Shule ilikuwa imemfundisha mtu mmoja, na mtu huyo alipoondoka alikwenda na shule nzima mfukoni. Tangu siku hiyo nasema: usimfundishe mwalimu mmoja siku kumi, wafundishe walimu kumi siku moja moja, na uwarudie.

SOMO LA MVUA

Nisije nikaonekana nalalamika tu, nitawaambia nilichokiona hapa kwetu. Mwaka wangu wa pili wa kazi, wanafunzi wa kidato cha pili walipima mvua ya masika tangu Machi hata Mei. Chombo kilikuwa mkebe na rula. Kila asubuhi mmoja wao alikwenda kuandika kipimo katika daftari. Mwisho wa Mei tuliingia chumba cha kompyuta, tukaingiza tarakimu zote, na kompyuta ikachora mistari, siku moja mstari mmoja. Walishangilia kuona mvua yao wenyewe imesimama kwenye ukuta.

Ndipo msichana mmoja aliyekaa nyuma akanyosha mkono akasema, “Mwalimu, picha hii inasema uongo.” Nikamwuliza kwa nini. Akasema, “Jumapili hii imeandikwa sifuri. Jumapili hiyo tulitoka kanisani tukakuta njia ya kuteremka ziwani imekuwa mto.” Tukatazama daftari. Kweli, kila Jumapili ilikuwa sifuri. Mpimaji alikuwa haendi shuleni Jumapili, na maji ya siku mbili yalikuwa yakihesabiwa Jumatatu. Somo lililofuata halikuwa la mvua tena. Lilikuwa la kujua tarakimu imetoka wapi kabla ya kuiamini, na nadhani watalikumbuka watakaposahau kila kitu kingine nilichofundisha.

Nataka msomaji aone fedha ya serikali iko wapi katika hadithi hii. Kompyuta ilinunuliwa kwa fedha hiyo, naam. Lakini kilichonipa ujasiri wa kuwaacha watoto waikosoe ni vipindi vya Jumamosi alivyotuwekea mwenzetu mmoja wa somo la kompyuta, saa mbili mbili, muhula mzima, katika chumba kile kile na kwa vyombo vile vile. Gharama yake ilikuwa chai na mandazi. Kama singepita hapo, ningaliogopa swali la yule msichana, ningalimwambia akae chini.

Wala chombo si lazima kiwe kipya. Wakumbukao mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa ugonjwa wa korona tangu Machi hata Novemba zilipoanza kufunguliwa, wanajua kuwa watoto wengi walisomea redioni. Redio ni ya zamani kuliko babu zetu wengi. Ilifaa pale mwalimu wa upande wa pili alipokuwa amejiandaa, na pale nyumbani palipokuwa na mtu wa kumwambia mtoto, kaa usikilize.

YATUPASAYO

Kwenu wanafunzi: chumba kile ni chenu. Msile humo, msitie vijiti katika soketi, na radi ikianza kunguruma juu ya ziwa ongoeni nyaya ukutani bila kungoja kuamriwa. Mnajua radi za Rusizi zilivyo. Mwalimu akikwama, msaidieni bila kumcheka. Mwalimu anayechekwa leo hatawaingiza tena kesho, na hasara ni yenu.

Kwenu wanafunzi wa zamani, mlio Kigali, Bukavu, Nairobi na kwingineko: kila mwaka mnatuuliza mtuletee nini, na kila mwaka wengi hutaja kompyuta. Nawashukuru sana. Lakini mwaka huu nawaombeni kitu kingine. Miongoni mwenu wamo mafundi, wahasibu, wauguzi na walimu wanaotumia kompyuta kila siku. Njooni mtupe Jumamosi mbili kwa muhula. Mkaeni na walimu wetu kumi, si mmoja. Na mlio wazazi wa watoto wa shule hii, siku ya mkutano wa wazazi ulizeni kwa adabu: fungu la mafunzo ya walimu mwaka huu ni kiasi gani, na limefundisha nani? Swali hilo halimtukani mtu. Shule ambayo wazazi wake huuliza hivyo humlazimu mkuu wake aulize wilayani, na wilaya nayo iulize Kigali. Ndivyo fedha ya serikali inavyojifunza njia.

Kompyuta haziivi kabatini kama ndizi. Huoza tu. Betri hufa, programu huchakaa, na baada ya miaka mitano hivi zile 50 tulizopewa zitakuwa chuma. Muda huo ni sawa na mtoto kuingia kidato cha kwanza na kukaribia kumaliza. Yule msichana wa Jumapili sasa yu karibu kutuacha. Wadogo zake wamekwisha kuingia, na wengine wanakuja Januari au Septemba, vyovyote kalenda itakavyopangwa. Tukingoja fedha ya mtumbwi wa tatu itoke Kigali yenyewe, watapita kama tulivyopita sisi, wakiwa wameshika kompyuta mara nne kwa mwaka.

Nimekwisha. Jumamosi ya kwanza ya muhula ujao mlango wa chumba utakuwa wazi tangu saa tatu asubuhi. Chai ipo. Mandazi atakayekuja na alete.

Mwalimu wenu wa jiografia,
Nkanka